Kreatinini imepanda kwa wateja wawili wa TLD: nani abadilishiwe dawa, nani aachwe?

Muuguzi_Wilayani

Habari za kazi wakubwa zangu na wenzangu. Naomba msaada wa kusoma majibu ya wateja wawili wa CTC (kliniki ya VVU). Kituo ni kidogo, daktari anafika mara moja kwa wiki, na wote wawili namba zimepanda.

Wa kwanza ni mwanaume, miaka 38, kilo 67. Ameanza TLD (kidonge cha VVU) pamoja na Septrin ya kinga wiki nne zilizopita. Kreatinini, yaani taka ya misuli tunayopimia kazi ya figo, kabla ya kuanza ilikuwa mikromoli 82 kwa lita, sasa 97. Mkojo safi, hauna protini wala sukari. Presha 118/76. Hana anacholalamikia.

Wa pili ni mama, miaka 54, kilo 52. Yuko kwenye tenofovir mwaka wa tisa sasa, kwanza TLE (yenye efavirenz badala ya dolutegravir), baadaye akahamishiwa TLD. Kreatinini ya mwaka jana 79, ya wiki hii 108. Kijiti cha mkojo kimeonyesha protini +1 na sukari +2, lakini sukari ya kidoleni ni 5.6. Mbavu na mifupa ya miguu inamuuma, na usiku anaamka mara nne kwenda kukojoa. Presha 148/92, hajaanzishiwa dawa. Kinachonichanganya ni kwamba fomu ya maabara haina alama yoyote ya hatari. Hiyo 108 imo ndani ya mipaka iliyochapwa pembeni.

Fosfeti hatupimi. Stoo nina TLD, vidonge vya abacavir na lamivudine vya watu wazima, na dolutegravir 50 peke yake. Mwenzangu anashauri wote wawili tuwape TLD siku moja ndiyo, siku moja hapana, mpaka namba zishuke. Ni sawa?

---

Tabibu_wa_Kusini

Hapana dada, hilo la kuruka siku msilifanye kwa yeyote kati yao. TLD ni dawa tatu ndani ya kidonge kimoja: tenofovir 300, lamivudine 300, dolutegravir 50. Ni kweli kwamba tenofovir ikiwa peke yake hutolewa kila baada ya masaa 48 kwa mtu ambaye figo zake zinachuja mililita 30 hadi 49 kwa dakika. Lakini ukiruka TLD umemnyima pia dolutegravir na lamivudine siku hiyo. Kirusi kinapata nafasi ya kujenga usugu, halafu miezi sita baadaye una matatizo mawili badala ya moja.

Hawa ni watu wawili wenye mambo mawili tofauti, ingawa karatasi zao zinafanana.

Kreatinini hutoka mwilini kwa njia mbili. Sehemu kubwa huchujwa kwenye vichujio vya figo, na sehemu ndogo husukumwa na seli za mirija kutoka kwenye damu kwenda kwenye mkojo. Dolutegravir huziba mlango wa hiyo njia ya pili. Trimethoprim iliyomo ndani ya Septrin nayo hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo kreatinini inabaki kwenye damu, namba inapanda, na vichujio vinaendelea na kazi kama kawaida. Hakuna kilichoharibika. Ongezeko hilo huonekana wiki ya pili hadi ya nne, kwa kawaida ni mikromoli 10 hadi 15, halafu linatulia hapohapo.

Mwangalie kaka wa kwanza. Amepanda 15, yuko wiki ya nne, ana dawa zote mbili zinazoziba mlango, mkojo safi. Kiwango cha figo kuchuja, kwa fomula ya Cockcroft na Gault: 140 utoe umri, zidisha kwa kilo, zidisha kwa 1.23 kwa mwanaume au 1.04 kwa mwanamke, gawanya kwa kreatinini. Kwake ni 102 mara 67 mara 1.23 gawanya kwa 97, unapata karibu mililita 87 kwa dakika. Mwache na TLD yake, mwache na Septrin yake. Rudia kreatinini na mkojo baada ya wiki nne hadi nane. Ikibaki 95 hadi 100 hivi, hiyo ndiyo namba yake ya kuanzia kuanzia sasa, na uiandike hivyo kwenye faili ili mwenzako wa mwakani asihangaike kulinganisha na ile 82. Ikiendelea kupanda baada ya hapo, dolutegravir si maelezo tena. Tafuta sababu nyingine.

Mama ni habari nyingine kabisa. 86 mara 52 mara 1.04 gawanya kwa 108, unapata 43. Mwaka jana kwa 79 alikuwa 59. Kuhamishiwa dolutegravir kulikuwa zamani, kwa hiyo sehemu yake ilishaingia kwenye ile 79. Huku kupanda kwa mikromoli 29 ni kupya. Na mkojo wake umeshakwambia jibu kabla ya damu: sukari +2 kwenye mkojo wa mtu mwenye sukari 5.6 kwenye damu. Sukari huchujwa kila siku kwa kila mtu, na mirija ya karibu na kichujio huirudisha yote. Ikivuja wakati damu haina sukari nyingi, ujue mirija imechoka.

Tenofovir huingia kwenye seli hizo za mirija kutoka upande wa damu kwa milango yake yenyewe, kisha husukumwa polepole kwenda kwenye mkojo. Ikiingia haraka kuliko inavyotoka, hurundikana ndani ya seli na kuumiza mitokondria, yaani vinu vya nguvu vya seli, na seli isiyo na nguvu hairudishi kitu. Vinavyopotea ni sukari, fosfeti, potasiamu, bikaboneti na protini ndogondogo. Fosfeti ikivuja muda mrefu mifupa inalainika, ndiyo hayo maumivu ya mbavu na miguu. Kuamka usiku kukojoa ni kwa sababu mirija haiwezi tena kurudisha maji vizuri.

Kabla hujahitimisha, muulize jambo moja: je, kuna mahali alipewa dapagliflozin au empagliflozin kwa ajili ya moyo au kisukari? Hizo humwaga sukari kwenye mkojo kwa makusudi. Kama hazimo, huyu ni mtu wa kutolewa kwenye tenofovir. Usingoje kiwango kifike 30.

---

Maabara_Zamu_ya_Usiku

Nakubaliana na Tabibu. Naongezea upande wa benchi, maana kubadilisha dawa kwa namba moja tu ni hatari.

Rudia kreatinini ya mama ndani ya siku chache, sampuli mpya. Asile nyama siku hiyo kabla ya kutoa damu, nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini kwa masaa kadhaa. Anywe maji kama kawaida. Damu itenganishwe mapema, isikae kwenye kikapu kusubiri pikipiki ya mchana. Mashine nyingi za vituoni hutumia mbinu ya Jaffe, na hiyo huvurugwa na bilirubini nyingi, ketoni na baadhi ya sindano za kundi la sefalosporini. Kama macho ni ya njano au yuko kwenye sindano, andika kwenye fomu.

Mipaka iliyochapwa pembeni ya fomu msiitegemee. Inamjua mtu wa wastani, haimjui mama wa kilo 52. Misuli midogo hutengeneza kreatinini kidogo, kwa hiyo 108 kwa mwili huo ni nyingi. Na ukipeleka sampuli kwenye maabara inayotumia miligramu kwa desilita, utaletewa 1.2 na mtu atasema "mbona ni nzuri". Zidisha kwa 88.4 ndipo uingize kwenye fomula. Nimeona mafaili yenye 79, kisha 1.2, kisha 112 kwenye mstari mmoja bila vipimio. Andikeni kipimio kila mara.

Uzito nao upimwe siku hiyohiyo, usinakili kadi. Kwa mama huyu kila kilo moja ni karibu 0.8 ya jibu, kwa hiyo kilo tano za kubahatisha ni 4 nzima. Na kama amepungua kilo tangu mwaka jana, hilo lenyewe litafutiwe sababu, kifua kikuu kikiwemo.

Vijiti vya mkojo: angalia tarehe, na angalia kama kopo lilikuwa limefungwa. Kijiti kilichopigwa na unyevu hudanganya. Soma kila kiraka kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kopo. Ukikiacha mezani dakika tano ukamhudumia mtu mwingine, rangi inaendelea kupanda na +2 yako haina maana. Mtu anayekunywa vitamini C nyingi anaweza kuonekana hana sukari kumbe anayo. Halafu kiraka cha protini huona zaidi albumini, wakati protini zinazovuja kwenye ugonjwa wa mirija ni ndogo zaidi na nyingi hazionekani hapo. Hivyo +1 ya mama huenda ni zaidi. Hospitali ya rufaa waombe uwiano wa protini na kreatinini kwenye mkojo, na fosfeti ya damu ya asubuhi kabla hajala.

---

Mfamasia_Pwani

Kabla hujafungua kopo la abacavir, pima HBsAg, yaani kipimo cha homa ya ini B. Kipimo cha haraka kinatosha. Tenofovir hutibu pia homa ya ini B, na kuna wateja ambao hawajawahi kupimwa tangu waanze. Ukiitoa ukamwachia lamivudine peke yake kwa upande wa ini, virusi vya B vinaweza kuamka na ini kuvimba vibaya, na usugu kwa lamivudine huja wenyewe. Wapo waliofariki kwa hilo wakati figo zao zingeweza kuokolewa.

HBsAg ikiwa hasi: abacavir 600 na lamivudine 300 kidonge kimoja, pamoja na dolutegravir 50 kidonge kimoja, mara moja kwa siku. TLD ya mwisho usiku wa leo, mpya kesho usiku, bila pengo. Lamivudine kwa kiwango cha 43 maelezo ya zamani ya dawa yanataka ipunguzwe hadi 150, ila miongozo mingi siku hizi inakubali 300 kwa kiwango cha juu ya 30, na mgonjwa hupata unafuu wa kidonge kimoja badala ya kukatakata.

HBsAg ikiwa chanya, usibadilishe peke yako. Njia ni mbili: tenofovir ya aina ya alafenamide, yaani TAF miligramu 25, ambayo huacha tenofovir kidogo sana kwenye damu, takriban asilimia 90 chini ya ile ya zamani, na hutumika mpaka kiwango cha 30, au entecavir (dawa ya homa ya ini B) juu ya dawa za VVU zilizokamilika. Dozi ya entecavir hupunguzwa kiwango kikiwa chini ya 50, na aliyekaa na lamivudine miaka tisa anahitaji daktari anayejua ini. Mpe rufaa siku hiyo akiwa bado anameza dawa zake. Usimsimamishe njiani.

Abacavir ina jambo lake la kumwambia mama uso kwa uso. Ndani ya wiki sita za mwanzo, akipata homa, vipele, kutapika, kikohozi au kubanwa pumzi, na kila akimeza kidonge hali inazidi, aje siku hiyohiyo. Ikithibitika ni mzio wa abacavir, au mzio usipoweza kukanushwa, hairudiwi tena maishani, kwa sababu kuirudia kunaweza kuua kwa masaa. Kwa Waafrika mzio huo ni wa nadra, lakini nadra si sifuri.

Sasa fungua mfuko wake. Mwambie aje na kila anachomeza, cha duka, cha hospitali na cha mganga, umwage mezani. Mtu mwenye maumivu ya mifupa kwa muda mrefu kwa vyovyote ananunua kitu. Mara nyingi ni diclofenac au ibuprofen, na hizo hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Diclofenac juu ya tenofovir ni njia ya haraka ya kuishusha 59 kuwa 43. Mpe paracetamol. Tafuta pia kalsiamu, maana anayelalamika mifupa huuziwa kalsiamu. Shida yake ni fosfeti inayovuja, kalsiamu haizibi hapo, na ikimezwa pamoja na dolutegravir tumbo likiwa tupu huikamata isiingie mwilini. Akiwa nayo lazima, basi ameze vyote pamoja na chakula, au dolutegravir masaa mawili kabla ya kalsiamu au masaa sita baada yake. Madini ya chuma hivyohivyo.

Na kama ana metformin: ikiwa na dolutegravir isizidi 1000 kwa siku nzima.

---

CCC_Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Nyongeza fupi tu. Presha ya 148/92 irudiwe siku nyingine, na ikibaki hapo aanzishiwe amlodipine 5. Enalapril na losartan ni dawa nzuri za kulinda figo baadaye, lakini figo ikiwa ndiyo inashuka hivi, na huna uwezo wa kupima potasiamu kituoni, ngoja kwanza.

Pia msisahau kwamba VVU yenyewe hula vichujio, na presha hivyohivyo. Protini ikiwa +3 na miguu imevimba, sukari ya mkojo haipo, hiyo haifanani na tenofovir. Huyo apelekwe apigwe ultrasaundi na aonwe na daktari wa figo, na dawa za VVU ndiyo tiba yake.

Siku hiyohiyo mpeleke yeyote mwenye kiwango chini ya 30, anayetapika bila kukoma, aliyeacha kukojoa, au mwenye misuli iliyolegea kiasi cha kushindwa kuinuka kwenye kiti. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa potasiamu iliyoshuka.

---

Muuguzi_Wilayani

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimerudia kila kitu cha mama. Kreatinini sampuli mpya 110, uzito 52 kwenye mizani, na mwaka jana ulikuwa 53. Kijiti kutoka kopo jipya: sukari +2, protini +1. HBsAg hasi. Wingi wa virusi wa miezi miwili iliyopita ni chini ya 50. Hana dawa ya kisukari. Kwenye mfuko kulikuwa na diclofenac ya 100, anameza moja kila usiku tangu mwezi wa tatu, na kopo la kalsiamu alilokuwa anameza pamoja na TLD saa tatu usiku.

Maswali mawili. Je, tungesimamisha diclofenac tu tukaona kwanza? Na nitamwambiaje? Tayari ameuliza kama dawa za VVU ndizo zinammaliza.

---

Tabibu_wa_Kusini

Diclofenac ingekuwa peke yake, mkojo usingekuwa na sukari. Simamisha vyote viwili siku moja: diclofenac na tenofovir. Ungekuwa na mkojo safi na kreatinini tu iliyopanda, hapo ningekubali usimamishe diclofenac na kupima tena baada ya wiki mbili.

Ratiba yake: wiki ya pili mwone kwa ajili ya mzio wa abacavir, presha, kreatinini na mkojo. Mwezi wa kwanza rudia. Mwezi wa tatu rudia, na uchukue wingi wa virusi. Sukari kwenye mkojo ndiyo hutangulia kupotea, wiki chache hadi miezi michache. Maumivu ya mifupa huchelewa zaidi. Kreatinini itashuka, ila usimwahidi kwamba itarudi 79; wengine hubaki na pengo. Kama mwezi wa tatu sukari bado ipo au kreatinini inapanda, apate rufaa.

Na tazama rejista yako yote. Wanaoumia zaidi na tenofovir ni wenye zaidi ya miaka 50, wembamba, wenye presha au kisukari, na walio kwenye atazanavir au lopinavir zenye ritonavir, maana ritonavir hupandisha tenofovir kwenye damu. Hao wapimwe mkojo na kreatinini kila miezi sita hata kama wengine ni mara moja kwa mwaka. Kituo kikikosa kreatinini, kijiti cha mkojo peke yake kinaona mengi. Lakini kukosa kipimo kusimcheleweshe mtu mpya kuanza dawa.

---

Mshauri_Rika

Kuhusu maneno ya kumwambia, dada. Usimwambie "dawa imeharibu figo", akifika nyumbani ataacha zote. Mwambie hivi: "Mama, ndani ya kidonge chako mna dawa tatu. Mbili zinakufaa na tunaendelea nazo. Moja imechosha figo zako, tunaitoa leo na kuweka nyingine mahali pake. Virusi vyako viko chini, umefanya kazi nzuri." Halafu mwache aulize.

Mpe makopo mawili mkononi akiwa amekaa mbele yako. Miaka tisa amezoea kopo moja, kidonge kimoja. Mwambie atoe kimoja hiki, kimoja hiki, aviweke kiganjani uvione viwili. Wengi wanaobadilishiwa huelewa kwamba kopo la pili ni la mwezi ujao. Na TLD iliyobaki nyumbani airudishe, usiache kopo la zamani kabatini, siku makopo mapya yakichelewa atalirudia.

Diclofenac umwambie kwa jina na kwa sura, pamoja na majina yote ya dukani. Muuza dawa hatakumbuka, yeye ndiye akumbuke: "Nina figo, sitaki diclofenac wala ibuprofen." Aseme hivyo hata kwa sindano.

---

Mfamasia_Pwani

La mwisho kutoka kwangu, na ndilo husahaulika. Sababu ya kubadilisha iandikwe kwenye kadi yake ya CTC1 na kwenye faili la kituo, kwa maneno kamili: "Tenofovir imesimamishwa kwa sababu ya figo, asirudishiwe", tarehe, na kreatinini 110. Mama akisafiri msibani, makopo yakamwishia huko, kituo kingine kitaona tu mtu aliye kwenye vidonge viwili, na kwa nia njema kabisa kitamrahisishia kwa kumrudisha kwenye TLD.